Moyo Mpya, Mwili wa Kale: Ubadilishaji wa Injini na Mitambo ya Mwendo katika Land Rover za Zamani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Kauli hii inaafiki barabara hali ya magari mengi ya zamani ambayo yangali yanahudumu katika barabara za Kenya yakiwa na injini ambazo hayakuundwa nazo. Mtu akifunua boneti ya Land Rover iliyotoka kiwandani katika miaka ya sitini au sabini, si ajabu akute injini ya dizeli ya Toyota, Nissan au Isuzu ikinguruma mahali palipokuwa na injini ya petroli ya Kiingereza. Kwa nje gari ni lile lile: mabawa yake bapa, milango yake ya alumini, na sura ile ambayo hata mtoto wa kijijini huitambua kwa mbali. Kwa ndani, limekwisha kuwa gari jingine.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna badiliko hilo linavyofanywa, sababu zinazowasukuma wenye magari kulifanya, na mambo yanayopaswa kuzingatiwa ili lisigeuke kuwa balaa. Land Rover za Series, yaani zile zilizoundwa baina ya mwaka wa 1948 na 1985, zimeteuliwa kuwa mfano kwa kuwa zinajulikana sana Afrika Mashariki na kwa kuwa ni miongoni mwa magari ya kale yanayobadilishwa injini mara nyingi zaidi. Hoja kuu ni moja: anayebadilisha injini habadilishi injini pekee. Nguvu ikiongezwa mahali pamoja, kila kiungo kinachoipokea, na kila kiungo kinachotarajiwa kuizuia, huathirika. Atakayelisahau jambo hili huenda akajipatia gari lenye mbio lakini lisiloweza kusimama.

Gari na Historia Yake

Land Rover ilizinduliwa katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam mnamo tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani si muda mrefu, na chuma kilikuwa adimu. Kwa sababu hiyo, kampuni ya Rover iliunda bodi kwa aloi ya alumini, na chuma kikatumika hasa katika chasisi. Injini ya kwanza ilikuwa ya petroli, yenye ujazo wa sentimita 1,595. Series II ilitokea mwaka wa 1958, nayo ikaleta injini ya petroli ya sentimita 2,286. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, injini ya dizeli ya ujazo huo huo ikaongezwa. Series III ilianza kuundwa mwaka wa 1971 na ikakoma mwaka wa 1985.

Nchini Kenya, gari hili lilikuwa la mkuu wa wilaya, la polisi, la mmishenari, la daktari wa mashambani na la askari wa wanyamapori. Baadhi ya magari hayo yaliunganishwa humu nchini katika kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika. Hadi leo, katika Kaunti ya Samburu, Land Rover kuukuu hubeba abiria na mizigo kutoka Maralal kwenda sehemu ambazo magari mengine huziogopa. Huko, Land Rover si pambo la mkusanyaji wa vitu vya kale. Ni chombo cha riziki, na ikiharibika, mgonjwa hakufika hospitalini na mbuzi hawakufika sokoni.

Ni nini basi kinachomfanya mwenye gari kama hilo aiondoe injini yake ya asili? Sababu kuu ni tatu. Kwanza ni gharama ya mafuta. Injini ya petroli ya sentimita 2,286 aghalabu huenda kilomita tano au sita tu kwa lita moja, na gari likiwa na mzigo milimani hushuka chini ya hapo. Pili ni uhaba wa vipuri. Vipuri vya injini za Kijapani hupatikana kwa urahisi madukani, na injini kamili zilizotumika huagizwa kutoka ng'ambo, ilhali vya injini ya asili huenda vikatafutwa kwa majuma kadhaa. Tatu ni udhaifu wa nguvu. Injini ya dizeli ya asili ilitoa nguvu-farasi zipatazo 62 tu. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, likiongezewa abiria na magunia, hupanda mlima kwa mwendo wa kinyonga.

Kuchagua Injini

Mafundi hufuata mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia injini ya ukoo ule ule. Mwaka wa 1989, kampuni ya Land Rover ilizindua gari la Discovery lililokuwa na injini mpya ya dizeli iliyoitwa 200Tdi. Injini hii ina ujazo wa sentimita 2,495, ina turbo, na hutoa nguvu-farasi 111. Ijapokuwa ilikuwa mpya, kitalu chake kilitokana na kile cha injini za zamani za sentimita 2,286. Kwa hivyo, huweza kufungwa kwenye giaboksi ya Series bila mageuzi makubwa. Hii ndiyo sababu imependwa mno na wenye Land Rover za kale, hasa nchini Uingereza. Hata hivyo, hata ndugu wa damu hutofautiana tabia. Turbo ya injini iliyotoka kwenye Discovery imewekwa chini, nayo hugongana na chasisi ya Series. Fundi hana budi kubadilisha mkono wa moshi unaoishikilia turbo hiyo, au kutafuta injini ya aina iyo hiyo iliyotoka kwenye Defender, ambayo turbo yake imewekwa juu.

Njia ya pili ni kutumia injini ngeni kabisa, na ndiyo iliyozoeleka zaidi nchini Kenya. Hapa kuna jambo la busara ambalo mafundi wa jua kali walilitambua mapema. Injini za dizeli zenye pampu ya kimakanika zinahitaji umeme kidogo sana: waya wa kuiwasha, waya wa kufungulia mafuta, na basi. Injini za kisasa zaidi hutegemea kompyuta inayopokea habari kutoka kwa vihisio vingi. Ukiihamisha injini ya namna hiyo bila kompyuta yake, waya zake na hata ufunguo wake, umehamisha chuma tupu. Kwa minajili hiyo, injini iliyo "mpya" mno si lazima iwe bora kwa gari la kale litakalofanya kazi mbali na karakana.

Kuiweka Injini Mahali Pake

Baada ya injini kuteuliwa, kazi ya vipimo huanza. Injini hukaa juu ya vishikizo vilivyochomelewa kwenye chasisi, na vishikizo vya injini moja havilingani na vya nyingine. Fundi hulazimika kukata vya zamani na kuunda vipya. Kabla ya kuchomelea chochote, yampasa aichunguze chasisi yenyewe. Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hivyo Land Rover huweza kuonekana nzima kwa juu ilhali chasisi yake imeliwa kwa ndani. Kishikizo kipya kilichochomelewa kwenye chuma kilichooza ni sawa na nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Tatizo la pili ni sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini. Ekseli ya mbele ya Land Rover hupanda na kushuka pamoja na magurudumu kila gari linapopita kwenye mashimo. Iwapo sampu ya injini ngeni inaning'inia juu ya ekseli hiyo, siku gari litakapoangukia shimo kubwa, chuma kitapiga chuma na mafuta yatamwagika. Aghalabu sampu hukatwa na kuundwa upya, na injini huinuliwa au kusogezwa nyuma.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo kipimo halisi cha ustadi, ni kuiunganisha injini na giaboksi isiyokuwa yake. Kwa kuwa matundu ya bolti hayaoani, fundi wa mashine ya kerezo hutengeneza bamba nene la chuma au alumini linalofungwa baina ya viwili hivyo. Ni lazima kitovu cha shafti kuu ya injini na kitovu cha shafti ya giaboksi vikae katika mstari mmoja kamili. Katika kazi hii, hata robo ya milimita ni nyingi. Vikipishana, gari litawaka na kwenda vizuri kwa siku za mwanzo, kisha beringi zitaanza kulia, klachi itachakaa upande mmoja, na hatimaye shafti ya giaboksi itaharibika. Mwenye gari atailaumu injini, kumbe kosa lilikuwa kwenye bamba. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mnyororo wa Nguvu

Injini hutajwa kwa nguvu-farasi zake, lakini kinachovunja vyuma ni nguvu ya kuzungusha, yaani ukali ambao shafti ya injini huutumia kupinda kila kilicho mbele yake. Nguvu hii hupimwa kwa newtoni-mita. Injini ya dizeli ya asili ya Series ilitoa newtoni-mita 140 hivi. Ile ya 200Tdi hutoa 265. Hii ina maana kwamba giaboksi iliyoundwa kupokea kiasi fulani inatwikwa mzigo unaokaribia kuwa maradufu.

Nguvu hiyo haikomi kwenye giaboksi. Hupitia kwenye giaboksi ndogo inayogawanya nguvu kwa ekseli mbili, ikaingia kwenye propela, ikafika kwenye difu, kisha ikayafikia magurudumu kupitia vyuma viwili virefu ambavyo mafundi huviita hafshafti. Hafshafti za nyuma za Series zilikuwa na sifa ya kukatika hata zilipokuwa na injini zake za asili. Dereva aliyezoea kuiachia klachi ghafla ndiye atakayekuwa wa kwanza kuzikata akipewa injini kali zaidi.

Wapo wanaoamua kubadilisha giaboksi pia na kutia yenye gia tano. Uamuzi huu una manufaa yake, ila nao huzaa kazi nyingine. Giaboksi mpya huwa na urefu tofauti, hivyo propela ya mbele na ya nyuma hukatwa au kurefushwa. Propela ikichomelewa bila kusawazishwa upya, hutikisa gari zima na kuviua viungo vyake. Isitoshe, giaboksi nyingi za Land Rover za miaka ya baadaye huendesha magurudumu yote manne wakati wote, ilhali viungo vya ekseli ya mbele ya Series viliundwa kwa ajili ya kutumiwa pale tu njia inapokuwa mbaya.

Difu na Hesabu Zake

Hakuna sehemu inayodhihirisha uhusiano wa viungo vya gari kuliko difu. Katika Land Rover ya Series, propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano huu ulifaa injini dhaifu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne, injini huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kwa injini ya kisasa ya dizeli yenye nguvu nyingi katika mizunguko michache, huku ni kuitesa bure na kupoteza mafuta. Kwa hivyo, wengi huziondoa difu hizo na kutia zile za Range Rover ya zamani, zenye uwiano wa 3.54. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 80, injini sasa huzunguka karibu mara 2,200. Kelele hupungua, mafuta huokolewa, na gari hupata mwendo ambao halikuwahi kuuota.

Hata hivyo, mabadiliko hayo huleta hitilafu mbili ambazo wengi hawazitarajii. Ya kwanza ni spidomita. Kifaa hiki hupata habari yake kutoka kwenye giaboksi ndogo, yaani kabla ya difu, hivyo hakijui kwamba difu imebadilishwa. Matokeo yake ni kuwa inaposoma kilomita 60, gari kwa hakika linakwenda kilomita 80. Dereva anayedhani anateremka polepole huwa tayari ameuvuka mwendo wa salama. Spidomita haina budi kurekebishwa pamoja na difu, wala si baadaye.

Hitilafu ya pili inahusu breki ya mkono. Katika Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika dramu iliyo nyuma ya giaboksi ndogo, mwanzoni mwa propela, na nguvu yake huongezwa na difu kabla ya kuyafikia magurudumu. Difu ya 4.7 huizidisha nguvu hiyo mara 4.7, na ile ya 3.54 huizidisha mara 3.54 tu. Kwa maneno mengine, breki ya mkono hupoteza takriban robo ya uwezo wake bila ya mtu kuigusa. Gari lililokuwa likisimama imara kwenye mteremko huenda likaanza kujivuta lenyewe likiwa na mizigo na watoto ndani. Hii ndiyo maana halisi ya kusema kwamba habadilishwi mmoja wakasalimika wengine.

Breki: Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndio Ngoma

Mazungumzo mengi kuhusu kubadilisha injini huishia kwenye nguvu na mafuta. Suala la breki hutajwa mwisho, ilhali lingetajwa kwanza. Nishati ambayo breki hulazimika kuiondoa ili gari lisimame huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari likitoka kilomita 80 hadi kilomita 110 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa chini ya theluthi mbili za theluthi mbili, lakini nishati imekaribia kuwa maradufu. Breki za Series ni za dramu mbele na nyuma. Dramu ikipata joto jingi katika mteremko mrefu, uwezo wake wa kushika hupungua, na kanyagio huwa kama limekanyaga hewa.

Aidha, kuna suala la busta, yaani kifaa kinachoisaidia nguvu ya mguu wa dereva. Busta hufanya kazi kwa ombwe. Injini ya petroli hulizalisha ombwe hilo yenyewe katika njia yake ya kuvutia hewa. Injini ya dizeli hailizalishi, hivyo huhitaji pampu maalumu ya ombwe. Katika injini nyingi za dizeli za Kijapani, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Fundi akitia alteneta nyingine isiyokuwa na pampu, au akaiacha bila kuiunganisha, gari litawaka na kwenda vyema. Siku ya kukanyaga breki kwa dharura ndipo dereva atakapogundua kwamba kanyagio limekuwa gumu kama jiwe.

Waundaji wenyewe waliitambua hatari ya nguvu isiyokuwa na mizani. Mwaka wa 1979, Land Rover ilitoa Series III yenye injini kubwa ya silinda nane ya ujazo wa sentimita 3,528, ambayo ndiyo iliyotumika katika Range Rover. Katika Range Rover ya mwaka wa 1970, injini hiyo ilitoa takriban nguvu-farasi 135. Katika Land Rover, ilibanwa kwa makusudi isitoe zaidi ya 91. Isitoshe, gari hilo lilipewa giaboksi ya Range Rover na difu za 3.54, badala ya kuachiwa mitambo ya kale. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi na vipimo kilitahadhari kiasi hicho, sembuse fundi aliye chini ya mwembe? Mwenye gari mwenye hekima hutia breki za diski mbele, au angaa huzikarabati dramu zote, kabla ya injini mpya kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Sheria na Bima

Gari si mali ya fundi na mwenyewe tu. Ni jambo la umma pia kwa kuwa hutumia barabara ya wote. Nchini Kenya, nambari ya injini huandikwa katika stakabadhi za usajili pamoja na nambari ya chasisi. Injini ikibadilishwa, maelezo hayo hayana budi kubadilishwa rasmi. Shughuli hii husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Anayenunua injini iliyotumika anapaswa kudai stakabadhi zinazoonyesha ilikotoka, kwa sababu injini isiyo na asili inayojulikana huenda ikawa imeibwa, na mchuma janga hula na wa kwao.

Mintarafu ya bima, msingi wake ni uaminifu baina ya pande mbili. Kampuni iliyokubali kukinga gari la petroli lenye nguvu kidogo haikukubali kukinga gari jingine lililojificha ndani ya bodi hiyo. Mwenye gari asipoyafichua mabadiliko, anajiweka katika hatari ya kunyimwa fidia siku anapoihitaji zaidi, na abiria aliyeumia naye huingizwa katika mzozo asioujua.

Je, Ni Gari Lile Lile?

Swali hili huwagawanya wapenzi wa magari ya kale. Kuna wanaoshikilia kwamba gari la kale ni kumbukumbu ya ufundi wa enzi yake, na kulitoa injini ni sawa na kung'oa kurasa za kitabu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka wa 1966, linaelekea upande huu. Kwalo, gari la kihistoria ni lile lenye umri wa miaka 30 au zaidi ambalo limehifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake.

Upande wa pili una hoja nzito vilevile. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi hadi kanuni zilipofanyiwa mageuzi mwaka wa 2025, utambulisho wa gari lililobadilishwa sana ulipimwa kwa alama. Chasisi ya asili ilipewa alama tano. Ekseli, giaboksi, usukani na mfumo wa springi vilipewa alama mbili kila kimoja. Injini ilipewa alama moja tu. Kwa mujibu wa mizani hiyo, injini ndiyo sehemu ambayo gari lingeweza kuipoteza na likabaki kuwa lenyewe. Mantiki hii si ngeni kwa watu wa pwani. Jahazi hubadilishwa tanga, likabadilishwa mlingoti, likatiwa hata mashine, na mwenyewe akaendelea kuliita kwa jina lake la kwanza.

Zaidi ya hayo, kwa Land Rover ya Maralal, chaguo halisi si baina ya injini ya asili na injini ya kigeni. Ni baina ya kuendelea kutembea na kuachwa nyuma ya nyumba kuku watage ndani yake. Njia ya kati ipo: kufanya mabadiliko yanayoweza kurudishwa. Fundi hutumia bolti mahali pa kuchomelea kila inapowezekana, huepuka kuikata bodi, na injini ya zamani hupakwa mafuta na kuhifadhiwa. Kwa njia hiyo, kizazi cha leo hutumia gari bila kukinyima kizazi kijacho nafasi ya kuamua vinginevyo.

Injini Isiyonguruma

Mjadala huu umepata sura mpya kwa kuja kwa umeme. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka wa 2022, ilijihusisha na kugeuza magari ya kitalii ya mafuta kuwa ya umeme. Kwa utalii, faida iko wazi: gari lisilonguruma humkaribia mnyama bila kumshtua. Lakini kanuni zilizoelezwa hapo juu hazibatiliki. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu mzunguko wa kwanza, hivyo giaboksi na hafshafti hupata kishindo cha ghafla. Betri nazo ni nzito, na uzito huo hubebwa na springi na breki zile zile. Teknolojia imebadilika, ila hesabu ni ile ile.

Hitimisho

Imebainika kwamba kulitia gari la kale injini ya kisasa ni kazi inayowezekana na ambayo, ikifanywa kwa makini, hulirefusha gari maisha na kumpunguzia mwenyewe gharama. Imebainika pia kwamba injini ni mwanzo tu wa kazi. Vishikizo, sampu, bamba la kuunganishia, giaboksi, propela, difu, spidomita, breki ya mkono, busta na stakabadhi, vyote vinadai kuangaliwa. Anayepanga kufanya badiliko hili anashauriwa aupange mkoba wake kuanzia upande wa breki kuelekea kwenye injini, wala si kinyume chake. Pesa zikipungua njiani, ni heri gari libaki na breki nzuri na injini dhaifu kuliko kuwa na injini kali na breki za babu.

Kwa mafundi, wito ni kuandika vipimo vya kazi zao. Maarifa mengi ya karakana za Kenya hukaa kichwani mwa fundi mmoja, na akiondoka huondoka nayo. Yakiandikwa, tena kwa Kiswahili ambacho fundi, dereva na mwenye gari wote wanakielewa, yatawafaa wengi. Abiria anayepanda gari hilo kuukuu hana njia ya kujua kilichofungwa chini ya boneti. Amani yake yote imo katika uangalifu wa mtu ambaye huenda asimwone maishani.